Trei zimejaa, matumbo yamejaa: kisa cha kamba wanaoliwa na wenzao usiku wa kujivua gamba

Tuchukue bwawa moja la mfano. Lina ukubwa wa mita za mraba 4,000 na maji yenye chumvi kidogo. Ndani yake wamo kamba weupe, Penaeus vannamei, waliowekwa wakiwa vifaranga 300,000, yaani 75 kwa kila mita ya mraba. Sasa wana wastani wa gramu 11. Wapo wa gramu 8, wapo wa 14. Wanakula vizuri, mashine za hewa zinazunguka usiku kucha, na msimamizi hana cha kulalamikia. Kisha inanyesha mvua kubwa. Maji yanabadilika rangi, na msimamizi, kwa nia njema kabisa, anatoa karibu theluthi ya maji ya bwawa na kuingiza mapya.

Usiku wa pili baada ya hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kisa ni cha mfano, lakini kila kipande chake mfugaji wa kamba atakitambua. Nimekichagua kwa sababu hasara ya namna hii hutokea gizani, chini ya maji, haiachi mizoga, na mara nyingi hugundulika siku ya kuvuna, wakati hakuna tena la kufanya.

Kinachoonekana asubuhi

Trei za chakula, yaani sinia zinazozamishwa bwawani ili kuona kamba wanakula kiasi gani, zinapandishwa zikiwa na chakula karibu chote kilichowekwa. Upande ambao upepo unasukumia maji, magamba matupu yanaelea kwa wingi: meupe, membamba, yanapitisha mwanga, mengine mazima tangu pembe ya kichwa hadi ncha ya mkia, yamefunguka mgongoni tu, pale kichwa kinapoungana na mwili. Mizoga haipo, au ipo ya kuhesabika kwa vidole. Kwenye trei moja kuna kipande cha mkia kilichotafunwa, basi.

Msimamizi anafanya alichofundishwa: chakula kisipoliwa, punguza. Anakata nusu. Kesho yake trei bado hazijaisha, anakata tena. Siku ya tatu na ya nne kamba wanarudia kula, naye anarudisha kiasi cha zamani na kuhesabu kwamba jambo limepita. Wiki mbili baadaye anatupa kimia kupima uzito. Kila mtupo unaleta kamba wachache kuliko ilivyokuwa, na waliomo wamepishana sana kwa ukubwa. Wengine wamekimbia mbele, wengine wamebaki palepale.

Mawazo ya kwanza huwa manne, na yote yanastahili kuchunguzwa. Wizi: mwizi huvuna kwa kimia au wavu, na hachagui wadogo awaachie wenye bwawa wakubwa, ilhali hapa waliobaki zaidi ni wakubwa. Ndege: hula mchana, kingoni na kwenye maji mafupi, na huonekana. Kukosa hewa: bwawa likiishiwa oksijeni alfajiri, kamba hupanda juu kwa wingi na kujazana kingoni kabla ya kufa, na mizoga huonekana. Ugonjwa ndio wa kuogopwa zaidi, hasa virusi vya madoa meupe vilivyofagia mabwawa ya Asia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini ugonjwa huo huleta kamba wanyonge kingoni, wasiokula, wengi wao wakiwa na madoa kwenye gamba la kichwa, na vifo huongezeka siku baada ya siku badala ya kukoma vyenyewe baada ya usiku mbili tatu. Hata hivyo kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, kifanyike. Hakuna jicho la mfugaji linaloweza kuchukua nafasi yake.

Jibu lilikuwa ndani ya kamba wenyewe, asubuhi ileile ya kwanza, kama mtu angewatazama. Mwili wa kamba mweupe unapitisha mwanga. Ukimshika mkononi na kumwinua kuelekea juani, unauona utumbo wake: mstari mwembamba unaopita mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani. Aliyekula chakula cha punje ana mstari wa kahawia, rangi ya punje zenyewe. Aliyechokonoa tope na mwani ana mstari mweusi au wa kijani. Ukikuta mstari mwekundu au wa waridi, shuku kwamba amekula kamba mwenzake. Katika bwawa letu trei zimejaa, na bado kamba wagumu waliotoka na trei wana utumbo uliojaa pomoni, mwekundu. Hawakugoma kula. Walikula kitu kingine.

Utumbo peke yake haumalizi kesi, kwa sababu unasema kilicholiwa bila kusema kilikufaje. Kamba hula mzoga kama anavyomla aliye hai. Hapo ndipo magamba matupu yanapotoa ushahidi. Kamba aliyekufa akiwa mgumu huacha mabaki: kichwa, vipande vya gamba, miguu. Aliyeliwa akiwa laini huliwa karibu wote, na kinachobaki ni gamba lake la zamani, ambalo lenyewe halina jeraha. Magamba mazima kwa mamia, mizoga michache, matumbo mekundu: hayo matatu yakikutana asubuhi moja, sioni maelezo mengine yanayokaa sawa.

Mwili unaojiandaa kubaki uchi

Kamba hakui kidogo kidogo kama samaki. Gamba lake halinyooki, kwa hiyo ili aongezeke lazima alivue, avimbe kwa maji, na gamba jipya likauke katika ukubwa mpya. Mwanabiolojia Mfaransa Pierre Drach aliugawa mzunguko huu mwaka 1939 kwa herufi ambazo bado zinatumika: A na B ni baada ya kujivua, C ni kipindi cha ugumu, D ni maandalizi, E ni tendo lenyewe. Wadogo hupita mzunguko mzima kwa siku chache. Wa ukubwa wa bwawa letu huchukua wiki moja hadi mbili hivi, na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyochelewa.

Hatua ya D ndiyo mfugaji anayopaswa kuijua kwa macho, kwa kuwa inaonekana. Kata kipande kidogo cha pezi la mkia, kiweke kwenye kioo na tone la maji, kitazame kwa hadubini ya kawaida. Kamba wa hatua ya C ana ngozi iliyoshikana na gamba hadi ukingoni. Anapoingia D, ngozi inaachana na gamba na kurudi ndani, unaona ufa mwepesi kati yake. Siku zinavyosogea, manyoya mapya ya pezi yanaanza kujitokeza ndani ya gamba la zamani, yakiwa yamejikunja, yakisubiri. Anayechunguza kamba kumi na tano au ishirini kwa njia hii jioni anaweza kusema kama usiku wa kujivua uko karibu. Kazi hiyo haimalizi saa nzima, na sijui kifaa kingine cha bei ndogo kinachosema mapema kiasi hicho.

Anayeamua siku ni homoni. Tezi iliyo kichwani hutoa homoni za kujivua, na homoni nyingine kutoka kwenye kikonyo cha jicho huizuia. Kizuizi kikilegea, maandalizi yanaanza. Chumvi ikibadilika ghafla, joto likishuka, maji mapya yakiingia kwa wingi, kamba ambao tayari wako mwishoni mwa D hujivua kwa pamoja. Kundi lililoko kwenye C halina cha kuvua, kwani gamba jipya halijaanza hata kutengenezwa. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo kisa kilipopinda. Bwawa likijivua karibu lote usiku mmoja, wanaoweza kuuma ni wachache, maana hata mataya ya aliyejivua ni laini. Bwawa likijivua kidogo kidogo kila usiku, walio laini ni wachache na wametawanyika. Mvua pamoja na yale maji mapya viliangusha magamba ya sehemu kubwa ya kamba na kuwaacha wengine wagumu kabisa, wenye njaa, kwenye eneo lilelile. Nusu laini na nusu ngumu ndiyo hali mbaya kuliko zote.

Tendo lenyewe ni fupi. Gamba linapasuka mgongoni, kamba anajikunja, anajirusha kwa nguvu, anatoka. Dakika chache zinatosha. Baada ya hapo analala chini, hana miguu ya kumbeba, hana mkia wa kumrusha nyuma. Wakati huohuo mwili wake unataka oksijeni nyingi kuliko siku ya kawaida. Kamba mdogo hupata ugumu wa kutosha baada ya saa kadhaa. Mkubwa huweza kukaa siku moja au mbili kabla hajawa imara. Saa hizo ndizo zinazoamua.

Maji yanayosema yupo wapi

Kamba anaishi gizani kwa sehemu kubwa. Maji ya bwawa ni mazito kwa mwani, kujivua hufanyika zaidi usiku, na macho yake hayana kazi kubwa pale chini. Anachotegemea ni kemikali zinazosafiri kwenye maji. Kichwani ana papasi ndefu za kugusia, na kando yake papasi fupi ambazo zimebeba vinyweleo vya kunusia. Papasi hizo fupi huchapwachapwa majini kwa haraka, na kila mchapo huingiza maji mapya katikati ya vinyweleo, kisha mtulio mfupi, kisha mchapo mwingine. Ndivyo anavyonusa. Miguuni na mdomoni ana vipokezi vya aina nyingine, vya kuonja kile alichokwisha kukigusa.

Anayejivua humwaga habari zake majini kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Mkojo wa kamba hutokea karibu na shina la papasi ndefu, na kwa jamii hii ya wanyama mkojo ndio unaobeba ujumbe mwingi wa hali ya mwili. Kati ya gamba la zamani na jipya kuna majimaji yenye vimeng'enya vilivyokuwa vikimeng'enya gamba la zamani kwa ndani. Mengi hunyonywa tena na mwili, na yanayobaki huachiwa gamba linapofunguka. Ngozi mpya ni laini na inapitisha vitu kuliko gamba gumu. Na akiumwa mara moja tu, damu inatoka.

Damu na nyama ya kamba ndiyo inayoligeuza jambo kuwa msiba. Kamba, kama jamaa zake wa majini, hutumia amino asidi huru (vijenzi vya protini) ndani ya nyama yake kusawazisha mwili na chumvi ya maji: glisini, taurini, prolini, arginini, pamoja na betaini. Utamu anaousikia mtu anapokula kamba unatoka kwa kiasi kikubwa kwenye glisini hiyo. Vitu hivyohivyo ndivyo vinavyomwamsha kamba kutafuta chakula. Watengeneza chakula cha kamba wanajua, ndiyo maana punje hutiwa unga wa ngisi, unga wa krili au betaini ili zinukie. Kwa hiyo kamba laini aliyejeruhiwa hatoi harufu inayofanana na ya chakula. Anatoa harufu ya chakula chenyewe, iliyo kali kuliko punje iliyokwisha kulowa kwa saa mbili na kupoteza sehemu ya ladha yake.

Mashambulizi yenyewe, ukiyatazama kwenye tangi la kioo chini ya mwanga hafifu, hayana hasira yoyote. Kamba mgumu anachapa papasi, anageuka kufuata mkondo, anatembea huku miguu ikipekua chini. Jozi tatu za miguu ya mbele zina vikoleo vidogo sana. Anamgusa mwenzake. Kama mwenzake ni mgumu, huruka nyuma kwa mkia na shughuli inaishia hapo. Kama ni laini, haruki. Vikoleo vinabana ngozi badala ya kuteleza kwenye gamba, na ladha inafika mdomoni. Kuanzia hapo ni kula. Harufu ya jeraha inaenea na mkondo wa mashine ya hewa, na dakika chache baadaye wamefika wengine wanne au watano. Naliona hilo kuwa la msingi: harufu ya mbali huwaleta karibu, lakini kinachogeuza mguso kuwa mauaji ni ulaini na ukimya wa anayeguswa.

Kwa nini hakuna anayemwonea huruma

Harufu ya kujivua haina maana moja tu katika maumbile. Kwa kaa na kamba wengi, jike hupandwa mara tu baada ya kujivua, na dume huijua siku hiyo kwa harufu. Dume wa kamba mkubwa wa maji baridi, Macrobrachium rosenbergii, humlinda jike aliyejivua wakati wa kupandana badala ya kumla. Kwa kaa wa pwani wa Ulaya, Carcinus maenas, watafiti walionyesha mwaka 2007 kwamba homoni ya kujivua, ikiwekwa kwenye chakula, huwafanya madume wakiache chakula hicho, huku majike wakikila. Ujumbe mmoja, wasomaji wawili, tafsiri mbili.

Sasa tazama bwawa letu kwa jicho hilo. Kamba mweupe ni tofauti na kamba mkubwa wa milia, Penaeus monodon. Jike wa monodon hupandwa akiwa laini, ametoka kujivua. Jike wa vannamei hupandwa akiwa mgumu, kuelekea mwisho wa mzunguko. Dume wa vannamei hana faida ya uzazi kwa jike aliyelala laini chini. Tena hilo ni kwa wakomavu. Madume wa aina hii hukomaa kuanzia gramu 20 hivi na majike kuanzia gramu 28. Bwawa lenye wastani wa gramu 11 ni bwawa la watoto watupu. Hakuna dume wa kulinda wala jike wa kulindwa. Maelfu ya wasomaji wamejazana pamoja kwa wingi usiopatikana baharini, na wote wanaisoma harufu hiyo kwa maana moja.

Naamini hii ndiyo sababu ushauri unaotolewa kwa kamba wa maji baridi haufai kunakiliwa moja kwa moja. Kule, adui mkubwa ni dume mwenye magando ya bluu, na dawa ni kumvuna mapema, kuweka nyavu za wima za kupandia, na kutenganisha ukubwa. Kwa vannamei hakuna mbabe wa kumtoa. Kila mgumu ni mlaji na kila laini ni mlo, na wiki ijayo watabadilishana zamu.

Kosa la kukata chakula

Kamba hupoteza hamu ya kula kabla ya kujivua na hairudishi mpaka mataya yakauke. Trei iliyorudi imejaa ilikuwa inasema ukweli kuhusu walio laini. Haikusema lolote kuhusu wagumu. Msimamizi alipokata chakula kwa nusu, kisha tena kwa nusu, aliwanyima wale ambao bado walihitaji, na akawaacha wakipekua usiku kucha.

Wapo wanaoshauri kinyume: mwaga chakula kingi ili washibe. Nakataa hilo pia. Shibe hupunguza hamu ya kutafuta, ni kweli, lakini chakula kingi kwa mkupuo mmoja hueneza harufu ya kula bwawa zima, na kila mgumu anaanza kupekua na kugusagusa kila kilichoko mbele yake. Hapo umbo la bwawa lenyewe linaongeza tatizo. Mashine za hewa huzungusha maji na kukusanya uchafu katikati. Kinachobaki safi ni mkanda wa pembeni. Chakula humwagwa kwenye mkanda huo. Wagumu wanakula hapo, na walio laini wanalala hapohapo kwa kuwa tope la katikati halina hewa. Kumwaga chakula kwa wingi saa mbili usiku wa kujivua ni kuwakutanisha wote mahali pamoja.

Ningefanya hivi: kupunguza kwa robo hadi theluthi tu kwa siku mbili, kugawa kiasi hicho katika milo mingi midogo, kukitawanya kwa upana, na kuelemea zaidi mchana kuliko usiku. Kisha kurudisha haraka. Kamba aliyejivua akishakauka ana njaa kubwa, na siku hiyo trei zisikae tupu muda mrefu. Kuna jambo linalovutia kutoka kwa kaa wa mikoko, Scylla serrata: wachanga waliolishwa chakula kilichoongezwa triptofani, moja ya amino asidi, walionyesha ugomvi mdogo zaidi, kwa kuwa mwili huigeuza triptofani kuwa serotonini, kemikali ya neva inayotuliza. Kwa kamba wa bwawani nisingeijengea mpango, maana kama nilivyoeleza, hapa hakuna ugomvi wa kupunguza, kuna ulaji.

Dirisha la ulaini

Kama harufu haizuiliki, muda wa kuwa laini unaweza kufupishwa, na hapo naona juhudi ya mfugaji inalipa kuliko popote pengine. Gamba jipya hukauka kwa kemikali za mwili na kwa madini yanayotoka majini. Maji ya bahari yana sodiamu takriban mara 28 ya potasiamu, na magnesiamu takriban mara tatu ya kalsiamu. Maji ya visima yenye chumvi kidogo mara nyingi hukosa uwiano huo, potasiamu ikiwa ndiyo haba zaidi, na kamba huonyesha hivyo kwa kuchelewa kukauka na kufa baada ya kujivua. Mvua ya bwawa letu ilizimua madini yote kwa pamoja na kushusha alkali, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi. Kabla ya kuwaza kubadilisha maji, kilichohitajika kilikuwa kupima alkali na kuirudisha juu ya miligramu 100 kwa lita kwa chokaa ya kilimo au bikaboneti ya sodiamu, kisha kuongeza chumvi za potasiamu na magnesiamu polepole kulingana na vipimo. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu. Yatolewe kutokea juu, wakati maji yenye chumvi yakibaki chini.

Oksijeni isiachwe ishuke kabisa. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita alfajiri, kamba mgumu ataumia lakini atapona. Aliyejivua saa moja iliyopita huenda asipone, na akishadhoofika ataliwa. Baadhi ya walioliwa kwenye bwawa letu bila shaka walikuwa tayari wanakufa kwa kukosa hewa. Mashine zote ziwashwe usiku huo, oksijeni ikilengwa kuwa angalau miligramu 4 au 5 kwa lita. Na kimia kisitupwe: kila mtupo huponda walio laini na kumwaga damu yao majini, na hakuna harufu mbaya zaidi ya kuongeza.

Wanaoachwa nyuma kwa ukubwa wanaliwa zaidi, kwa hesabu rahisi. Mdogo hujivua mara nyingi kuliko mkubwa, kwa hiyo hutumia sehemu kubwa zaidi ya maisha yake akiwa laini. Mkubwa anamla mdogo, anazidi kukua, na pengo linapanuka. Ndiyo maana kimia cha wiki ya pili kilileta ukubwa uliopishana hivyo. Tofauti ya gramu 8 na 14 iliyoonekana ya kawaida kabla ya mvua ilikuwa imekwisha kuliandaa jambo hili. Vifaranga wa ukubwa mmoja, waliowekwa siku moja, ni kinga ambayo haina mbadala baadaye.

Hesabu iliyoharibika kimya kimya

Hasara haikuishia kwa walioliwa. Msimamizi aliendelea kulisha kana kwamba asilimia 85 ya kamba wako hai, yaani 255,000. Kwa gramu 11 kila mmoja hao ni kilo 2,805, na kwa kiwango cha asilimia 3.5 ya uzito wao, chakula cha siku ni kilo 98. Tuseme waliobaki kweli ni asilimia 65, yaani 195,000. Uzito wao ni kilo 2,145 na chakula chao kilo 75. Kila siku kilo 23 zinazama bila mlaji. Chakula chenye protini asilimia 35 kina naitrojeni karibu asilimia 5.6, kwa hiyo zaidi ya kilo 1.2 za naitrojeni zinaingia majini kila siku bila kupita tumboni mwa kamba yeyote. Zinageuka amonia, amonia inawasumbua waliobaki, wanajivua vibaya zaidi mzunguko unaofuata. Nimeona watu wakiita hali hiyo bwawa lililochoka. Bwawa halikuchoka. Linalishwa kwa hesabu ya kamba ambao hawapo.

Marekebisho yaanze siku ya nne au ya tano, walio laini wakishakauka. Kimia kitupwe sehemu nyingi, mkanda wa pembeni na karibu na katikati, mchana na si usiku, na wastani wa idadi kwa mtupo ulinganishwe na wa kabla ya mvua badala ya kutafuta namba kamili. Kiwango cha chakula kifuate idadi hiyo mpya, hata kama inauma. Tarehe ya kujivua iandikwe, kwa sababu wale waliojivua pamoja watajivua tena karibu pamoja, siku kumi hadi kumi na nne hivi baadaye, na safari hiyo wale waliokuwa wagumu huenda wakawa wamejipanga usiku mwingine. Pezi la mkia litasema.

Na matumbo yaendelee kutazamwa kila asubuhi. Yakirudi kuwa ya kahawia, chakula kimerudi mahali pake. Yakionekana mekundu siku ambayo hakuna magamba yanayoelea, na kwenye trei kukawa na vichwa na vipande vigumu, basi wanaoliwa ni wafu, na kinachowaua si kujivua gamba. Siku hiyo sampuli iende maabara kabla ya jioni, maana virusi vya madoa meupe husafiri kwa njia ileile, kutoka mwilini mwa aliyeliwa hadi kwa mlaji wake.